Chumba cha Giza Kinachoonyesha Bahari

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anayesoma Liverpool amenialika nimtembelee mwezi wa Julai, na anasema tutavuka kwa meli hadi Douglas, katika kisiwa cha Isle of Man, kutazama kibanda cha giza cha zama za Malkia Victoria ambamo picha ya bahari huonekana ikitembea bila umeme. Mimi niliyekulia Kirumba, ninayeliona ziwa bure kila siku, nina haja gani ya kulipa kiingilio?
Mama wa Kirumba, Mwanza

JIBU: Haja ipo, mama, ila kwa sharti la jua. Kibanda hicho cha mwaka 1892, kilichofunguliwa tena mwaka 2005 baada ya kukarabatiwa, kina lenzi 11, na kila lenzi huleta ndani ya giza picha ya upande wake wa nje, hivyo utazunguka ukitazama sehemu moja baada ya nyingine, ukiona mawimbi yakivunjika na watu wakitembea kilimani bila habari kwamba wanatazamwa. Kazi yote hufanywa na mwanga wa nje. Mawingu yakitanda picha hufifia, kwa hiyo tazameni anga kabla ya kukata tiketi.

Siri yake unaishi nayo. Vile vidoa vya duara vinavyoanguka sakafuni kupitia matundu ya misumari kwenye mabati ni picha za jua lenyewe. Ndiyo maana jua lilipopatwa tarehe 1 Septemba 2016 vilichongoka kama mwezi mwandamo. Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra, alilichunguza jambo hili yapata miaka elfu moja iliyopita, na hata neno kamera asili yake ni Kilatini, kwa maana ya chumba.

Kabla ya safari, ziba madirisha ya chumba kinachotazama barabara kwa blanketi zito, acha tundu la upana wa kidole, kisha tundika shuka jeupe mbele yake. Kwa kuwa mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, unaotoka juu hutua chini, nawe utaona bodaboda zikipita magurudumu juu. (Vibanda vya kulipia huigeuza picha kwa kioo.) Ukilipanua tundu, picha itang'aa lakini itapoteza ukali wake, ukilifinya, itakuwa kali lakini hafifu, na itakubidi ukae gizani dakika kadhaa mpaka macho yazoee.