Jibu: Wakala anataka hela yote leo ili mama atibiwe India

Dada wa Ujiji, pole sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Nimekuelewa: vali ya moyo imeharibika, na wakala anataka malipo yote leo awapeleke hospitali binafsi Chennai.

Usimlipe. Chukua majibu yote ya mama, hasa ya ekokadiogramu (kipimo cha picha ya moyo), muombe daktari wa hospitali ya Maweni rufaa ya JKCI, ile Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Taasisi ile ipo tangu 2015 na vali wanabadilisha. Wakisema India haikwepeki, iandikie hospitali yenyewe. Zile kubwa zina dawati la wagonjwa wa kigeni. Wanatuma makadirio ya gharama na barua ya viza bila dalali. Hela iingie akaunti ya hospitali, si namba ya simu ya mtu.

Swali ambalo sisi hatukuuliza: vali ya chuma au ya tishu (ya mnyama)? Kaka yangu aliwekewa ya chuma hukohuko India. Upasuaji safi kabisa, ila warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, ni ya maisha, na INR, yaani kasi ya damu kuganda, lazima ipimwe mara kwa mara. Karibu na nyumbani hatukukipata kipimo, tukawa tunapanda basi hadi Mwanza kutolewa damu kidogo tu. Hata kisamvu anakula kwa kiasi, maana kikizidi ghafla dawa inazidiwa nguvu. Ya tishu nayo huchakaa, kwa hiyo daktari wa moyo aangalie umri wa mama.

Akibanwa pumzi akilala, mambo ya pasipoti weka kando, mkimbize hospitali usiku huohuo.