Kwa wewe unayeanza kuongoza wageni kwa baiskeli Bourgogne, mkoa wa mvinyo wa Ufaransa

Siku yangu ya kwanza kazini nilichapia hesabu. Nilitazama ramani nikaona kutoka Beaune hadi Santenay ni kama kilomita 20 tu, nikawaahidi wageni kwamba tutamaliza kabla ya chakula cha mchana. Tuliingia Meursault saa sita na robo, jua la utosi, na kila mlango wa mkulima wa mvinyo tuliobisha umefungwa. Ufaransa ya vijijini hula kuanzia saa sita hadi saa nane, na mkulima hataacha sahani yake kwa sababu wewe umechelewa Pommard. Tangu hapo sipangi siku kwa kilomita. Naanza na saa za milango, kisha ndiyo napanga mwendo.

Njia yenyewe inaitwa Voie des Vignes. Inapita Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, na sehemu kubwa ni vijia vya mashambani. Kumbuka hilo: ni vya mashambani. Trekta za huku zina miguu mirefu, hupita juu ya safu ya mizabibu kama mtu aliyepanda mironjo. Ikitokea, shuka, sogeza kundi pembeni, mpungie dereva mkono. Barabara kubwa ya D974 iliyoko chini tambarareni iache kabisa, hata kama simu inakuambia ni njia fupi. Na ndani ya vijiji, pasipo na alama, gari linalotoka kichochoro cha kulia ndilo lenye haki ya kupita. Wageni wengi hawalijui hili mpaka waponee chupuchupu.

Mvua ikinyesha, matairi ya trekta huacha mabonge ya udongo kwenye miteremko. Mgeni wangu mmoja alibana breki ya mbele katikati ya kona, pembeni mwa ukuta wa mawe. Gurudumu likateleza, akachubuka kiwiko. Kosa lilikuwa langu, sikumwambia. Sasa nasimamisha kundi juu, kabla ya kuteremka: punguza mwendo kabla ya kona, na ukishaingia ndani yake ziachie breki. Kupanda nako ni vivyo hivyo, gia hubadilishwa mapema. Ukingoja pedali ziwe nzito, cheni italalamika, na pengine ichomoke.

Kuonja mvinyo ndiko kunakowasumbua wanaoanza. Kiwango cha sheria ni gramu 0.5 za alkoholi kwa lita moja ya damu, na mwendesha baiskeli hana msamaha. Mimi naweka vituo viwili asubuhi na kimoja alasiri, basi. Wageni huona haya kutema, kwa hiyo tema wewe kwanza, mbele yao, bila kuomba radhi. Bana midomo, sukuma kwa ulimi, utoke mkondo mwembamba. Fanya mazoezi na maji bafuni. Mimi nilichafua mashati mawili kabla sijaiweza.

Usiwahubirie juu ya mvinyo njia nzima. Chagua mahali pamoja. Mimi husimama kando ya Montrachet, shamba la hekta 8 hivi lililogawanywa kati ya Puligny na Chassagne, nikawaambia watazame juu na chini. Katikati ya mteremko, maji hayatuami na jua la asubuhi linaingia vizuri. Hapo ndipo penye grand cru, daraja la juu kabisa la mvinyo wa huku. Chini tambarareni udongo ni mzito, na mvinyo wake hupewa jina la kawaida la mkoa. Kutoka shamba moja hadi jingine ni hatua chache tu, na pengine kuna kijia tu katikati. Mgeni akiliona hilo kwa macho, ataelewa kwa nini UNESCO iliyaweka mashamba haya kwenye orodha yake mwaka 2015. Zabibu asichume, hata moja.

Halafu chupa. Sita zikijaa zinakaribia kilo 8, na ukizifunga nyuma, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inayumba kwenye mteremko. Omba zibaki kwa mkulima, uzifuate jioni kwa gari. Andika jina la mgeni kwenye kila boksi kabla hujaondoka. Nimewahi kukaa usiku nafungua maboksi manne ya Volnay yanayofanana, kutafuta lipi ni la nani.