Picha ya mwaka 1904 ina rangi, rangi ilitoka wapi?

Swali: Kaka, nimeona picha ya jioni ya lile jengo la Flatiron la New York, lenye matawi ya mti mbele yake, kaipiga Edward Steichen 1904, ipo makumbusho ya Metropolitan. Mbona ina rangi wakati enzi hizo picha zilikuwa nyeusi na nyeupe? Alafu naona ziko tatu na kila moja rangi yake, orijino ni ipi?

Jibu: Dada yangu, zote tatu ni orijino. Negativu yake, yaani ile picha ya kinyume inayotumika kuchapia, ilikuwa ya kawaida tu, nyeusi na nyeupe, maana sahani za rangi za Autochrome zimeingia sokoni 1907. Rangi kaiweka Steichen mwenyewe wakati wa kuchapa.

Picha yenyewe ni ya matabaka. Tabaka la chini kabisa ni picha ya platinamu, yaani karatasi yenye dawa ya chumvi za chuma na platinamu, unalaza negativu juu yake unaipeleka kwenye mwanga alafu unaisafisha kwa dawa. Hapo hakuna kukuza, picha inatoka saizi ileile ya negativu, na hiyo ya Metropolitan ina kama sentimita 48 kwa 38, kwa hiyo lazima kwanza upate negativu kubwa hivyo.

Sasa juu yake ndo inakuja gundi ya mgunga, hiyohiyo inayovunwa Sudan. Unaichanganya na rangi ya maji na baikromati ya potasiamu, unapaka juu ya picha ikishakauka, unarudisha negativu palepale ilipokuwa, unatoa kwenye mwanga tena. Palipopata mwanga gundi inakuwa ngumu inashika rangi, palipofichwa inayeyuka ukitia kwenye maji. Ndo maana taa za barabarani zimebaki zinang'aa na matawi yamezama kwenye rangi. Unaweza kurudia tabaka juu ya tabaka, na Steichen alijifunza lithografia, yaani uchapaji wa picha kwa mawe, kule Milwaukee, Marekani, akiwa kijana, kwa hiyo kupanga rangi tabaka kwa tabaka hakukuwa kugeni kwake. Ukibadilisha rangi kidogo tu, au dakika za mwanga, au ukipitisha brashi wakati wa kuosha, inatoka jioni nyingine kabisa, na kwangu mimi hapo ndo uzuri wote ulipo, negativu moja imezaa jioni tatu.

Ukiitazama picha ya aina hii kwa lenzi ya mkononi utaona platinamu imelala ndani ya nyuzi za karatasi, haina mng'ao, ila sehemu za giza zina kamng'ao kidogo, hiyo ndo gundi.

Ukitaka kujaribu nyumbani, kumbuka haya. Vaa glavu tafadhali, baikromati ni sumu na inasababisha kansa, usiimwage kwenye sinki wala usiiache mahali watoto wanapoweza kufika. Na karatasi iloweke kwanza maji ya moto uikaushe kabla hujaanza chochote, la sivyo itasinyaa katikati ya kazi, negativu haitakaa tena palepale, na kila tawi litatokea mara mbili.