Barua kwa mwanangu kuhusu Ujiji

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeipata. Unasema wenzako wa kazini huko Dar es Salaam wanataka kuja kututembelea, na mmoja wao amekuuliza Ujiji kuna nini cha kuona mbali na mnara wa Livingstone, nawe ukakosa la kumjibu.

Mnara upo, wala haifai kuubeza. Mwandishi wa habari Stanley alimkuta hapa mwaka 1871 Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza, na kumbukumbu hiyo imewekwa penye miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe wa wakati ule. Lakini aliyetangulia kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, na bwana wake alipofariki mwaka 1873, Susi, mtumishi mwenzake aliyeitwa Chuma, na wenzao ndio walioubeba mwili wake hadi pwani. Kwangu mimi, mji huu ni wa watu wa namna hiyo: wapagazi, mabaharia, mafundi, wanawake waliofuatana na misafara, na watumwa waliovushwa Ziwa Tanganyika kwa nguvu.

Hao wa mwisho usiwafiche wageni wako. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora ilifika ziwani hapa hapa Ujiji, na kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, zililetwa pembe za ndovu pamoja na wanadamu. Kwa hiyo miongoni mwa koo tulizooana nazo, zipo zilizofika kwa biashara na zipo zilizofika kwa minyororo. Waha waliwakuta wageni wakiongezeka, Wamanyema, Wabwari, Wagoma na Waswahili wa pwani, na kwa vizazi kadhaa wote wakakutana katika Kiswahili, katika Uislamu na katika ndoa. Mtu aliyenyang'anywa kwao hakuwa na mjomba wa kumwita wala shangazi wa kumzika, hivyo jirani ndiye aliyefanywa mjomba, na mtaa ukawa ukoo. Huo ndio urithi wetu, mwanangu, na mimi nauthamini kuliko jiwe lolote lililochongwa.

Uliuona kwa macho yako alipofariki bibi yako. Kabla hatujatuma mtu kutoa taarifa, masufuria yalikuwa yamekwisha kufika uani, mwingine ameleta mkeka, mwingine gunia la mkaa, na kina mama ambao hatuna nao damu walikuwa wamekwisha kugawana kazi: huyu achambue mchele, yule atayarishe maji ya kuoshea maiti. Hakuna aliyeulizwa kabila lake. Vivyo hivyo katika Maulidi, sinia moja huzungukwa na watu ambao wazee wao walitoka pande nne za ziwa.

Ukubwa wa kibiashara ulituponyoka. Reli ilipofika mwaka 1914 ilikwenda Kigoma, na bandari ikawa huko. Hata ziwa lenyewe lilishuka baada ya maji kupata njia kupitia mto Lukuga miaka ya 1870, ndiyo maana ufuo wa leo uko mbali na mnara. Sisi tulibaki na kazi ya mikono. Nenda ufukweni uwatazame mafundi wanavyounda boti: hawana mchoro, fundi huinama akaangalia ubao kwa jicho moja, akaupunguza kwa tezo, kisha kijana wake hukalafati nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta ya mawese, akiishindilia kwa patasi na nyundo polepole mpaka mwanya upotee. Naogopa ujuzi huo utatoweka kabla haujaandikwa, maana vijana wengi wanatafuta kazi nyingine, na siwezi kuwalaumu.

Basi mjibu mwenzako kwamba Ujiji kuna watu. Mkija, waanzieni mafundi asubuhi jua likiwa halijawa kali, na muwaombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Kisha nitawapeleka kwa wazee wa mtaa wetu wanaojua nani alitoka wapi, nawe uje na simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi, kwa sababu wamebaki wachache. Mnarani mtapita alasiri. Nijulishe tarehe mapema ili niwaandalie migebuka, samaki wa ziwa letu, na pahali pa kulala.

Mama yako