Uliza Fundi: Rauta yangu inasahau nywila kila usiku

SWALI: Shikamoo fundi. Nina nyumba ya vyumba vitano Morogoro, na wapangaji wangu tunachangia bili ya intaneti. Mmoja alihamia nyumba ya jirani mwezi uliopita, na bado anatumia wifi yetu. Nikabadilisha jina na nywila. Rauta ikaandika kwamba imehifadhi, na kweli siku nzima tulitumia nywila mpya. Asubuhi yake vile vya zamani, vilivyobandikwa chini ya rauta, vikawa vimerudi. Nimerudia mara nne. Saa ya rauta nayo inasoma 1970. Fundi wa mtaani anasema kumbukumbu imekufa, ninunue mpya. Mbona ilikuwa nzima? Hata radi ya masika haikuigusa, iliungua chaja tu nikanunua nyingine. Je, ni virusi?
Mama mwenye nyumba, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue rauta kwanza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika ni maneno uliyoyapitia haraka: iliungua chaja tu, nikanunua nyingine.

Hiyo 1970 isikutishe. Rauta nyingi za nyumbani hazina betri ya saa. Zikiwaka huanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Januari 1970 mpaka zipate intaneti na kuuliza saa. Wewe tazama ukurasa wa Status kwenye mipangilio ya rauta, palipoandikwa Uptime, yaani muda tangu rauta iwake. Kama umeme haujakatika tangu jana na hapo panasoma muda wa saa mbili tu, basi rauta inajizima na kujiwasha yenyewe wakati mmelala.

Sasa igeuze rauta usome kibandiko chake, kisha usome maandishi madogo ya chaja. Nitakwambia kwa nini. Mwaka juzi jirani yangu hapa Tanga aliniletea rauta yenye tatizo kama lako. Kibandiko kilisema 12V 1.5A, yaani volti 12 na ampia 1.5, ampia zikiwa ni kiasi cha umeme ambacho chaja inaweza kutoa. Chaja aliyouziwa ilisema 12V 0.5A. Kichwa kiliingia sawasawa, taa zote za kijani ziliwaka, nani angeshuku? Nilipoipima chaja peke yake, testa ilisoma 12.1. Nikafungua kifuniko cha rauta, nikaichomeka, nikagusisha ncha za testa kwenye miguu ya soketi ya umeme: 9.8. Wanawe wawili wakafungua video kwenye simu zao, namba ikaanza kuteremka mbele ya macho yetu, ikafika 8 na kitu, taa zikazima zote kwa pamoja na kuwaka upya. Volti zilikuwa sahihi kwenye maandishi. Ampia ndizo hazikutosha.

Hilo linahusiana vipi na nywila? Ukibadilisha kitu, rauta huanza kukitumia papo hapo kutoka kwenye kumbukumbu ya kazi, ambayo huishi umeme ukiwepo tu. Ndiyo maana mchana kutwa nywila mpya ilikubali. Nakala ya kudumu huandikwa kwenye chipu ya flashi, na chipu hiyo haiandiki juu ya maandishi ya zamani: hufuta sehemu nzima kwanza, ndipo iandike upya, kama mwalimu anavyofuta ubao. Kazi hiyo huchukua sekunde chache. Umeme ukiyumba katikati, nakala inabaki nusu. Rauta ikiwaka tena inaikagua, inaona hesabu hazilingani, inaitupa na kurudia mipangilio ya kiwandani. Virusi havimo.

Fundi wenu hakusema uongo, kwa sababu chipu za flashi kweli huchoka. Lakini nyingi huvumilia kufutwa karibu mara 100,000, na wewe umebadilisha mara nne. Kumwambia mama mwenye wapangaji anunue rauta nyingine bila kupima chaja, hilo mimi silikubali.

Tafuta chaja yenye volti zile zile kabisa, na ampia zile zile au zaidi. Zikizidi hazina madhara, kwani rauta huvuta inazohitaji tu. Angalia pia kimchoro cha duara chenye alama za chanya na hasi, kilingane na cha kwenye rauta. Kisha unganisha kompyuta kwa waya, siyo kwa wifi, na ufungue anwani iliyo kwenye kibandiko, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Badilisha, bonyeza Save, halafu usiguse kitu dakika mbili nzima. Washa upya kwa kutumia Reboot ya kwenye menyu. Jina likibaki, chomoa umeme kabisa, hesabu hadi thelathini, rudisha. Likibaki tena, umepona.

Lisipobaki, chomoa waya unaoleta intaneti na urudie jaribio. Likikaa waya ukiwa umechomolewa na kupotea ukiurudisha, kampuni iliyokupa rauta ndiyo inayoituma mipangilio yake kutoka mbali. Kampuni nyingi hufanya hivyo kwa vifaa vyao. Wapigie waibadilishe upande wao. Kama bado, kagua kitufe cha reset kisiwe kimenasa ndani ya kitundu chake. Baada ya hapo ndipo nitamsikiliza fundi wenu.

Na mama, badilisha pia nywila ya kuingilia kwenye mipangilio. Kama yule mpangaji aliyehama alikipiga picha kibandiko, akishaunganika na wifi yenu tu anaweza kuingia kwenye mipangilio ya rauta yako akiwa amekaa barazani kwake.

SWALI: Natumia simu kubadilisha jina la wifi. Nikibonyeza Save ukurasa unazunguka, unasema hakuna muunganisho. Nikiufungua tena naona jina lile lile.
Kijana, Mombasa

JIBU: Huenda imehifadhi, mwanangu. Jina likibadilika, wifi hujizima na kuwaka upya, na simu yako inaachwa nje kabla ya kupata jibu. Ukurasa unaouona baadaye huenda ni ule wa zamani ambao kivinjari kiliutunza. Funga kivinjari, zima data ya simu, fungua orodha ya wifi ya simu yako. Jina jipya likiwemo humo, liunganishe kwa nywila na uendelee. Likiwa halimo, azima kompyuta na waya, ufanye kama nilivyomweleza mama wa Morogoro.