Akiuliza ni vingapi

Wiki hii mmeuliza kama mgeni mwenye siku moja tu Nairobi apelekwe Ngong Hills. Hapana. Nilitaka kuandika hivyo tu niende zangu lakini wacha niseme kwa nini.

Shida ya hivi vilima ni hesabu. Ukiwa mjini unaona vinundu vinne, kama ngumi imefunikwa blanketi, mgeni akiuliza viko vingapi unamjibu vinne kwa sababu ndivyo unaviona. Mwenye amevitembea anajua ni saba. Mimi shemeji yangu wa Mombasa nilimwambia vinne, na ilikuwa Julai, na alikuja na ndala. Kileleni ni mita 2,460 na huyu mtu ametoka mahali bahari iko mlangoni. Hata askari wa misitu pale getini aliangalia zile ndala, akaniangalia mimi, akakata risiti.

Kwa mapangaboi ya KenGen, yale ya kutengeneza umeme wa upepo, bado alikuwa anapiga picha. Kilima cha kwanza sawa, cha pili akanyamaza, upepo unavuma mpaka huskii mwenzako, unashuka kote ulikopanda halafu unapanda tena, na kila tukifika juu anauliza "ndicho cha mwisho hiki?" Cha nne akakaa kwa nyasi. Mbele kulikuwa na kingine, na nyuma yake kingine.

"Shemeji, wewe wajua kuhesabu kweli?"

Akapita kijana wa Kimaasai na mbuzi wake, amevaa akala, hata hahemi. Shemeji akamuuliza bado vingapi. Akainua vidole vitatu akaendelea na safari yake. Hapo nikavua jaketi nikampa (homa nilipata mimi, lakini hiyo ni stori ingine).

Halafu ukungu ukafunguka upande wa Bonde la Ufa. Mnajua vile ardhi inakatika tu hapo, unatetemeka huku unaangalia jua likiwaka huko chini. Alisimama mwenyewe, akapigia watu wake simu, upepo ukameza maneno yote ila nilisikia "wallahi". Tulimaliza vyote hadi Kona Baridi, kule vinakoishia, tukadandia matatu ya kurudi Kiserian bila kuongea.

Basi mpelekeni, lakini si Julai, na viatu vya maana. Akiuliza ni vingapi sijui mtamwambiaje. Shemeji anarudi Desemba na watoto, na nasikia amewaambia ni vinne.