Hata Mzizini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni albamu gani ya lugha usiyoijua iliyokukaa moyoni, na ulikutana nayo vipi?" Yangu ni Hasta la raíz ya Natalia Lafourcade wa Meksiko. Ilitoka Machi 2015. Mimi nimeifahamu miaka kadhaa baadaye, usiku mmoja nikiwa napiga pasi.

Nyimbo nilizokuwa nimezichagua ziliisha, simu ikaendelea kupiga za kwake yenyewe. Kwa kawaida hapo huzima. Siku hiyo gitaa lilianza kabla mkono haujafika kwenye simu. Gitaa la mbao tu, linakwaruzwa mbiombio, na ndani ya mkwaruzo ule mna kitu kinachorukaruka ambacho sikuweza kukihesabu. Nikaisimamisha pasi. Ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, isiyo na haraka juu ya gitaa lenye haraka, iko karibu kabisa na sikio kama ya mtu anayekupa siri. Sikuelewa neno hata moja. Lakini ubeti wa kwanza ulipokwisha nilijikuta nazirudia silabi zake, na ulimi haukujikwaa.

Jambo hilo la ulimi ndilo lililonifanya niandike.

Nimependa nyimbo za Kifaransa, nimependa za Kikorea. Kwa hizo mdomo wangu huwa unamung'unya. Nafuata sauti, maneno nayatafuna. Kihispania hakikunifanyia hivyo. Kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawasawa na zetu. Irabu ikitamkwa, husomwa kama ilivyoandikwa. Ile ñ yao yenye kofia ni "ny" ya nyota. Neno likiishia kwa irabu, mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pale pale tunapoutia sisi. Kwa hiyo mtu aliyekulia Kiswahili anapomsikiliza mwimbaji wa Kihispania, sikio lake linakata silabi zenyewe, moja moja, bila kufundishwa. Haelewi, lakini anasikia vizuri. Kusikia vizuri usichokielewa ni raha ya peke yake, na sijui kwa nini hatuizungumzi.

Wiki mbili hivi baadaye mdogo wangu wa kiume alikuwa anaimba bafuni: "Asta la raís, asta la raís." Akatoka na taulo begani.

"Dada, hivi huyu anasema nini?"

"Sijui."

"Hujui? Na unavyomwimba kutwa nzima?"

Nikaona aibu kidogo, nikachukua daftari. Sikuanza kwa kutafuta tafsiri. Nilisikiliza wimbo kipande kwa kipande nikaandika nilichosikia kwa tahajia yetu: rios, selvas, korason. Kisha nikatafuta maneno yenyewe nikalinganisha. Ríos, selvas, corazón: mito, misitu, moyo. Nilikuwa nimekosea sehemu chache tu, nyingi zikiwa kwenye h, ambayo wao huiandika bila kuitamka, na kwenye z, ambayo Wameksiko huisoma kama s.

Ni hiyo h iliyokuwa imenificha jambo. Sikio langu lilikuwa linasikia "asta". Nilipoiona imeandikwa, hasta, nikasoma maana yake: mpaka, hadi. Nikaitazama tena. Hasta. Hata! Ile "hata" ya wazee wetu, wanaposema "toka asubuhi hata jioni", wanapouliza "hata lini?" Neno ni lile lile kwa asili. Waarabu husema ḥattā. Kihispania kililipata wakati ule wa utawala wa Waislamu katika Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, ulioanza 711 na kufikia kikomo 1492 mji wa Granada ulipoanguka, kisha meli za Wahispania zikalivusha bahari hadi Meksiko. Kiswahili kililipata kwa njia yake, kupitia pwani na biashara ya Bahari ya Hindi. Majirani wawili wasiojuana walikwenda kuazima nyumba moja, kila mmoja kwa mlango wake.

Usiku ule sikulala mapema. Nilipekua nikakuta kwamba Mhispania akitaka kumtaja mtu bila kumtaja husema fulano, yaani fulani. Aceituna ni zeituni. Azúcar ni sukari. Alcalde, meya wa mji, ni al-qāḍī, kadhi wetu aliyebadilishiwa kazi. Mezquino ametoka kwa miskīn, sawa na maskini wetu, ila wa kwao siku hizi ni mtu bahili mwenye roho ndogo. Safari ndefu huwabadilisha hata maneno. Na yapo mengine yaliyotufikia kwa mkono wa Wareno, ndugu wa karibu wa Wahispania: mesa na meza, bandera na bendera.

Hasta la raíz, basi, ni "hata mzizini". Ni maneno ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba amembeba ndani yake, na kwamba amefika kule chini kabisa ambako hang'oleki. Maneno yao matatu, yetu mawili, kwa sababu ile "la" yao, kama "the" ya Kiingereza, sisi hatuna haja nayo. Nilifurahi kama niliyeokota kitu cha thamani njiani.

Nikaanza kuipitia albamu nzima hivyo, nyimbo zote kumi na mbili, nikiandika majina yake kwa Kiswahili. Lo que construimos: tulichokijenga. Maneno matatu yameingia yote ndani ya kitenzi kimoja. Nunca es suficiente: haitoshi kamwe. Para qué sufrir: neno kwa neno ni "kwa nini kuteseka", lakini mswahili gani angesema hivyo akiwa na machungu? Angesema "ya nini kuteseka". Hiyo "ya nini" ina mabega yanayopandishwa na mkono unaotupwa pembeni, na Lafourcade anaiimba hivyo hivyo, kama mtu aliyekwisha kuinuka kitini.

Kuna wimbo kuelekea mwisho unaoitwa Estoy lista, "niko tayari". Wanafunzi wengi wa Kihispania huteswa na kuwepo kwa vitenzi viwili vya "kuwa", ser na estar. Mswahili anavyo tayari mdomoni: "ni" na "niko". Mwanamke akisema soy lista, amesema yeye ni mwerevu. Akisema estoy lista, yuko tayari. Sisi tunaisikia tofauti hiyo mara moja, maana hakuna kwetu anayechanganya "mimi ni" na "mimi niko".

Si kila kitu kilikubali. Querer ilinipiga chenga. Nilijifunza mapema kwamba te quiero ni "nakupenda", kwa hiyo nilipokutana na Te quiero dar nikaisoma kama mapenzi tu. Kumbe kitenzi kile kile ni kupenda na ni kutaka, na hapo anasema "nataka kukupa". Katika wimbo mwingine, Ya no te puedo querer, kinarudi kwenye kupenda: "siwezi tena kukupenda". Kiswahili kimeyatenga hayo mawili. Mwanamume akimwambia mwanamke "nakutaka" badala ya "nakupenda", mwanamke anajua amesimama na mtu wa namna gani. Lugha ya Lafourcade inamruhusu akae katikati, na nadhani nusu ya maumivu ya albamu hii imekaa hapo hapo katikati, mahali ambapo sina neno la kupaita.

Maana albamu hii ni ya mapenzi yaliyovunjika, na mimi kwa wiki nzima nilikuwa nimeitumia kunyooshea nguo. Nunca es suficiente nilikuwa nauchukua kama wimbo mtamu wa kubembelezana. Mwimbaji kumbe ndiye asiyetosheka, kila siku anamtaka mwenzake zaidi, na mwenzake anakwenda zake kuchezea mapenzi bila kuona anachopewa. Ukautafute pia ule aliourudia mwaka 2018 pamoja na Los Ángeles Azules, kundi la kumbia la huko huko Meksiko. Maneno yale yale, lakini watu wanacheza. Naupenda ule wa albamu zaidi. Kwenye kumbia unaweza kuukimbia huzuni kwa miguu. Kwenye albamu huna pa kukimbilia.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema muziki hauna lugha. Huo wimbo nilikuwa nao kabla ya maneno na nikawa nao tena baada ya maneno, na ni nyimbo mbili. Wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili ulinifanya nikae chini. Lakini sisemi mtu aanze na tafsiri. Ningeanza na tafsiri, ningesoma kisa cha mapenzi kama visa vingine na irabu nisingezisikia kamwe.

Kuhusu lile gitaa nililoshindwa kulihesabu: ni mwendo wa huapango, muziki wa kienyeji wa Meksiko. Gonga mezani hesabu ya sita, ukitia nguvu kwenye moja na nne: MOJA-mbili-tatu-NNE-tano-sita. Sasa hesabu hiyo hiyo, bila kubadili kasi, tia nguvu kwenye moja, tatu na tano: MOJA-mbili-TATU-nne-TANO-sita. Mkono mmoja ufanye ya kwanza, mwingine ya pili. Ukiweza, utasikia mruko ninaousema. Mimi nilichukua siku tatu kwenye meza ya pasi, na bado mkono wa kushoto hunisaliti.

Lafourcade alizaliwa Mexico City mwaka 1984 akakulia Coatepec, katika jimbo la Veracruz. Alipokuwa mtoto farasi alimpiga teke la kichwa, na mama yake, ambaye ni mwalimu wa muziki, alitumia muziki kumrudisha katika hali yake. Niliposoma habari hiyo nilirudi kusikiliza jinsi anavyoyaweka maneno, moja moja, kila silabi imekamilika kabla ijayo haijaitwa. Sidai kwamba ni kwa sababu ya teke la farasi. Nasema tu kwamba siwezi tena kuisikia sauti ile bila kumwona mtoto na mama yake wakirudia kitu polepole. Mwaka 2012 alitoa albamu nzima ya nyimbo za Agustín Lara, mtunzi mkubwa wa bolero, zile nyimbo za mapenzi za mwendo wa taratibu, aliyefariki 1970, na Hasta la raíz ndiyo iliyofuata, akarudi na nyimbo alizozitunga mwenyewe au pamoja na wenzake. Ukitega sikio unamsikia Lara amekaa nyuma, hasa pale anapochelewesha neno la mwisho la mstari.

Mimi albamu hii naiita pop ya indi, na najua yupo msomaji atakayekataa, kwa kuwa jina hilo lilianza na wanamuziki waliotoa kazi zao nje ya kampuni kubwa, na hii imetolewa na kampuni kubwa ya Sony. Kwa hesabu ya mikataba ana haki. Na tuzo pia haikuzikosa: Latin Grammy za 2015 ziliupa wimbo unaobeba jina la albamu heshima ya rekodi ya mwaka na wimbo wa mwaka, na Grammy ya 2016 ikaichukua albamu yenyewe katika kundi la roki, muziki wa mjini na muziki mbadala wa Kilatini. Lakini sikilizeni jinsi ilivyotengenezwa. Sauti hazijapakwa rangi. Vidole vinasikika vikiteleza kwenye nyuzi. Hakuna anayekupigia kelele ili umsikie. Ile roho ya mtu na gitaa lake chumbani, ambayo wapenzi wa indi huitafuta, humu imo, nami siwezi kuikana kwa sababu ya nembo iliyo nyuma ya jalada.

Sasa majina kumi na moja yako kwenye daftari kwa Kiswahili na nimeyaridhia. Limebaki la wimbo wa mwisho, No más llorar. Mimi nimeandika "Basi kulia". Mdogo wangu amelifuta kwa kalamu yake akaandika juu yake "Kulia tena basi", anadai langu linamwamuru mtu na lake linamwacha mtu ajiamulie. Tumelisikiliza mara nne jana tukibishana. Mara ya tatu nilikaribia kumkubalia, ya nne mwimbaji akavuta ile rr... hapana, ilikuwa ile ll, wanayoitamka kama "y" yetu, "yorar", akaivuta taratibu kama anayefuta shavu kwa kiganja, nikamwomba mdogo wangu airudishe nyuma kidogo, nisikie tena.